Msimu wa Kufumua Sketi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Daftari hili nililinunua kuandikia vipimo vya wateja wangu wa jioni, lakini wateja wa jioni sina tena, basi nitaandika mambo mengine. Sijui yapi.

Leo imeingia kazi ya sare za shule. Sketi za marinda, bluu, rundo la vitambaa linamfika kiunoni Mama Mkasi, na Mama Mkasi si mfupi. Yeye ndiye mwenye karakana, tena ndiye anayekata. Mimi nashona. Mzee tunayemwita Pasi anapiga pasi. Watatu tu, chumba kimoja, dirisha moja ambalo halifungi vizuri. Mimi wananiita Sindano. Huwa nabana pini midomoni nikiwa kazini, na mtu akinisemesha siwezi kumjibu. Inanifaa.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nimeshona.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimeshona. Nimekula mkate nikiwa nimesimama.

Jumapili, 9 Machi

Dada amepiga simu. Dada ndiye mkubwa wangu, na ndiye aliyemchukua Mama mwishoni mwa mwaka jana, baada ya Mama kuteleza bafuni nikiwa kazini akalala sakafuni mpaka niliporudi. Ilikuwa haki amchukue. Yeye ana nyumba isiyo na ngazi, anashinda nyumbani, ana mabinti wakubwa wa kusaidia. Mimi nina vyumba viwili ghorofani na kazi ya asubuhi mpaka jioni. Hayo niliyasema kwa mdomo wangu mwenyewe. Nguo za Mama nilizikunja mwenyewe, na begi nililibeba mwenyewe mpaka kwenye gari.

Miaka tisa tulikaa pamoja. Kila jioni nikifungua mlango, Mama ananiuliza, "Umerudi?" Nimesimama mbele yake, mwavuli unachuruzika maji, naulizwa kama nimerudi! Nilikuwa nikikereka. Siku nyingine nilimjibu, "Hapana Mama, bado niko kazini," naye alicheka mpaka akakohoa. Kisha swali la pili: "Umekula?" Kama niliyetoka huko kwenye karamu.

Mtu akifiwa, watu huja wakakaa naye, wakampa pole. Mama hajafa. Kwa hiyo hakuna aliyenipa pole, na ningeona haya kuipokea.

Simu yenyewe ilikuwa hivi.

"Habari za huko, mdogo wangu?"

"Nzuri. Za huko?"

"Nzuri kabisa. Mvua?"

"Ipo. Mama hajambo?"

"Hajambo. Amelala."

"Saa hizi?"

"Amelala. Nitamwambia umemsalimu."

Basi.

Alhamisi, 13 Machi

Pasi kachelewa. Anasema kuku wa jirani alilala ndani ya kiatu chake na hakuwa na roho ya kumwamsha. Mama Mkasi akamwambia amlete huyo kuku apige pasi.

Jumapili, 16 Machi

Dada. Nzuri. Nzuri kabisa. Mama amelala.

Jumatatu, 17 Machi

Mama Mkasi ametangaza kwamba sketi zikiisha anafunga karakana. Paa linavuja, anataka lifumuliwe na kuezekwa upya mvua zikikatika, na kazi nyingine kubwa haina dalili. "Tukapumzike jamani," alisema. "Mgongo wangu umekuwa mbao." Pasi akaruka ruka pale kwenye meza yake, mtu mzima na ndevu zake nyeupe.

Mimi nilikuwa na pini midomoni. Nilitikisa kichwa tu, ndiyo, vizuri.

Nimekaa kitandani naandika na miguu imekufa ganzi. Nahesabu watu ninaozungumza nao kwa siku. Mama Mkasi. Pasi. Muuza mkate, ambaye hanitazami. Karakana ikifungwa nabaki na muuza mkate.

Alhamisi, 20 Machi

Pasi kachelewa. Leo ni funguo, zilitumbukia kwenye ndoo ya maziwa na ilibidi maziwa yanywewe kwanza. Mzee huyu sijui uongo wake anaupika saa ngapi. Asubuhi akiwasha pasi anaiamkia, "Shikamoo bibi," eti ikiamka na hasira itamuunguza. Ananichosha. Mtu ambaye dunia yote kwake ni kichekesho ananichosha sana.

Jumamosi, 22 Machi

Sijalia tangu Mama aondoke. Nilidhani nitalia. Badala yake nimekuwa kama mkono uliolaliwa. Najua ni wangu, lakini nikiugusa ni wa mtu mwingine.

Jana usiku niliwaza hivi: nisipoamka, wa kwanza kujua atakuwa Mama Mkasi, kwa sababu ya sketi. Halafu nikawaza: na sketi zikiwa zimeisha je? Niliwaza kwa utulivu kabisa, kama mtu anayepanga safari ya sokoni. Utulivu huo ndio ulionitisha. Kesho kutwa naomba ruhusa niende kituo cha afya.

Jumatatu, 24 Machi

Nimekwenda. Nitaandika yote maana ni aibu, na afadhali aibu ikae kwenye karatasi kuliko kifuani.

Njia nzima nilikuwa nikijifunza la kusema. "Nesi, mimi sili, silali, na sihisi kitu." Maneno machache. Nimeyarudia nikivuka barabara, nimeyarudia kwenye benchi, kati ya mama mwenye mtoto wa surua na kijana aliyefunga kidole. Kidogo kidogo benchi likasogea, nikafika dirishani.

Nesi akainua macho. Ana uso mzuri, alikuwa amechoka. "Habari yako, mama?"

"Nzuri," nikasema.

Lilitoka lenyewe! Kabla sijafikiri. Mtu ameniuliza habari nami nimemjibu, kama nilivyofundishwa toka naanza kusema, na baada ya kusema nzuri nikashindwa kurudi nyuma. Ningesemaje? Nzuri, ila nakufa? Nesi akangoja. Nyuma yangu mtu akaguna. Nikashika kifua, sijui kwa nini.

"Kinabana?" akauliza nesi.

"Kidogo."

"Unakohoa?"

Nikakohoa.

Nimerudi nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi. Kijiko kimoja kutwa mara tatu. Ni tamu. Nimekunywa kijiko kimoja ili isiwe nimewadanganya kabisa.

Jumapili, 30 Machi

Dada. Nzuri kabisa. Amelala. Mama hanitaki, au amenisahau. Mtu halali kila Jumapili saa kumi jioni.

Jumatano, 2 Aprili

Rundo limeshuka mpaka magotini mwa Mama Mkasi.

Leo nimefanya kitu. Mama Mkasi alikuwa ametoka kufuata vifungo, Pasi yuko uani anasukutua mdomo. Nikachukua sketi iliyokwisha, safi, marinda yamelala kama yalivyochorwa, nikaipeleka nyuma ya pazia la kupimia, nikatoa kiwembe nikafumua mkanda wote. Mshono wangu ni mgumu kufumuka, ulinitoa jasho. Kisha nikairudisha kwenye kapu la kazi ambazo hazijashonwa.

Sikuhisi ubaya. Sikuhisi chochote. Ila nilipoishona tena alasiri nilijua kwamba nimejiongezea nusu saa ya watu.

Alhamisi, 3 Aprili

Pasi kachelewa. Fundi saa kamzuia njiani, anataka amuoze binti yake. Nimefumua moja.

Ijumaa, 4 Aprili

Mbili.

Jumanne, 8 Aprili

Tatu. Mvua haikatiki, namshukuru anayeileta.

Ijumaa, 11 Aprili

Mama Mkasi amesimama nyuma yangu muda mrefu. "Sindano, umekuwaje? Zamani hii kazi ungekuwa umeimaliza unanidai nyingine. Macho?"

Nikaonyesha pini midomoni.

"Toa hizo pini nikuulize vizuri."

Nikazitoa. "Macho," nikasema.

"Basi kapimwe macho, mwenzangu. Shule wananipigia kila siku, nimeishiwa uongo. Nitaanza kuazima wa Pasi." Akaenda zake. Siku zote nilimwona mkali. Leo nimeona mikono yake, vidole vimepinda kwa kushika mkasi, asubuhi anavinyoosha kimoja kimoja kwa maji ya moto akidhani hatumwoni. Huyu mtu anahitaji kupumzika kweli, nami ndiye ninayemnyima. Nilipoliwaza hilo kitu kilinichoma, kidogo sana, hapa chini ya mbavu. Alasiri nikafumua mbili.

Jumapili, 13 Aprili

Dada kapiga. Sikupokea. Nimelala nikaitazama simu ikitetemeka mezani mpaka ikachoka.

Jumatano, 16 Aprili

Leo nimekamatwa, lakini si na Mama Mkasi.

Yeye alikwenda shuleni kuomba siku za nyongeza. Mvua ilikuwa inapiga bati hata cherehani husikii. Pasi akazima pasi, jambo ambalo halifanyi kamwe katikati ya kazi, akaja na sketi mkononi akailaza kwenye meza yangu.

"Sketi hii mimi na yeye tunajuana," alisema. "Nimeipiga pasi leo, nimeipiga juzi, na wiki iliyopita niliipiga. Tumekuwa ndugu."

Nikashika pini nizitie mdomoni. Akanizuia mkono, taratibu.

"Zote zinafanana," nikasema.

"Hazifanani. Ukifumua, vitundu vya sindano vinabaki. Tazama hapa. Mimi naweka kitambaa kibichi, nabonyeza, mvuke unaviziba. Wiki mbili nafanya hivyo ili mwenye mkasi asione. Lakini sasa nyuzi za kitambaa zimechoka, Sindano, na mimi pia nimechoka. Nani kakuudhi hapa? Ni mimi? Ni utani wangu?"

"Hakuna aliyeniudhi."

"Basi kwa nini?"

Sijui nilitoa wapi nguvu. Labda ni ile kelele ya bati, niliona kama hata nikisema hatasikia. "Zikiisha tunafunga," nikasema.

Alisikia. Akavuta kigoda akakaa, magoti yakalia. "Nyumbani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Ndicho hicho hicho," akasema. "Hicho hakuna kitu. Nakijua. Tulilala kitanda kimoja miaka miwili, mimi na hakuna kitu, baada ya mke wangu kufariki."

Sikujua kama Pasi alikuwa na mke. Miaka sita nafanya naye kazi chumba kimoja, sikujua. Nilijua mambo ya kuku wa jirani.

"Nenda kituo cha afya," akasema.

"Nimekwenda."

"Wakasemaje?"

Nikamweleza. Habari, nzuri, kifua, dawa ya kikohozi. Alinisikiliza na uso mkavu, halafu mabega yakaanza kutikisika. Akafunika uso kwa ile sketi. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mzee yule, anacheka mpaka machozi.

"Samahani," akasema, "samahani mwanangu. Wewe afadhali. Mimi dirisha lile lile, waliniuliza habari nikasema nzuri. Wakaniuliza, tumbo? Nikaona aibu kumkatalia binti wa watu. Nikapewa dawa ya minyoo."

"Ukainywa?"

"Yote!"

Nikacheka. Sauti ilitoka kwenye koo langu, mbovu, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Tulicheka wote wawili tukashikilia meza.

Ndipo akanieleza. Dirisha la mbele ni la homa na vidonda. Ukipita ukumbi mpaka mwisho, mlango wa kijani, kuna mshauri nasaha. Huhitaji kueleza kitu dirishani. Unasema tu, "Nakwenda mlango wa kijani." Yupo Jumanne na Alhamisi, asubuhi.

"Alhamisi," nikasema.

"Ehe. Kumbe ulidhani kweli kuku alilala kwenye kiatu?"

Alhamisi, 17 Aprili

Pasi kachelewa. Kamwambia Mama Mkasi kwamba alikuwa anamfundisha paka kuvuka barabara. Akanitazama. Sikwenda naye, niliogopa. Lakini sijafumua.

Jumanne, 22 Aprili

Sijafumua. Rundo linashuka kama maji ya beseni lililotoboka. Naogopa.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimekwenda na Pasi. Yeye aliingia kwanza, mimi nikabaki kwenye benchi. Alipotoka alikuwa na macho mekundu na hakufanya utani wowote. Akanigusa bega akaenda kukaa.

Mshauri nasaha ni mwanamke mdogo kuniliko, ana mafua, kila mara anapenga. Nilitegemea mtu wa kutisha. Chumba kina viti viwili, meza na sufuria sakafuni chini ya sehemu inayovuja.

"Karibu, dada. Habari za leo?"

"Nzuri," nikasema. Nikatamani kujipiga kofi.

Hakucheka. "Hiyo ni ya mlangoni," akasema, "na mlango nimeshaufunga. Tuanze upya. Habari?"

Tone likaanguka kwenye sufuria. Nikagundua nimebana midomo kama vile pini zimo. Nilikaa hivyo muda mrefu, naye hakunihimiza. Alipenga kamasi tu, akaomba radhi.

"Sihisi kitu," nikasema. "Mama yangu amehama. Sili. Naogopa kazi yetu kuisha."

Nilidhani atasema, sasa hilo ndilo la kuumwa? Akasema, "Pole."

Neno moja. Nikaangalia pembeni.

Akaniuliza kama nafikiria kujiua, aliuliza hivyo hivyo wazi, bila kuzunguka. Nikamwambia sijapanga kufa, ila kuamka kumekuwa hakuna maana kwangu. Akataka nimweleze zaidi, tangu lini, usiku au mchana, niko na nani fikra hizo zikija. Nikamweleza. Akaandika namba yake akasema zikinizidi nisingoje Alhamisi, nimpigie au nije, saa yoyote. Kisha akanipa kazi, kama mwalimu. Wiki hii nimchague mtu mmoja, na akiniuliza habari nimjibu ukweli. Mara moja tu.

Ijumaa, 25 Aprili

Nilimchagua Mama Mkasi. Aliuliza, "Habari za asubuhi?" nikasema, "Si nzuri. Nimekuwa nafumua sketi zako."

Mungu wangu! Alifoka. "Uzi wangu! Uzi wangu, Sindano! Na shule imenitukana mimi!" Akarusha kipimo chini, akakiokota, akakirusha tena. Nikamweleza sababu, kwa maneno mafupi, pini nimezishika mkononi. Akanitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Na wewe ukaona bora unimalizie uzi kuliko kuniambia?" Hakunisemesha mpaka jioni. Lakini hakunifukuza.

Jumapili, 27 Aprili

Dada kapiga. Nilijiandaa. "Habari za huko?" "Nzuri," nikasema. Basi. Nimerudi kule kule. Mama amelala.

Jumatano, 30 Aprili

Sketi ya mwisho. Nilikata uzi kwa meno. Pasi akaibonyeza polepole kuliko zote, akaiaga, "Kwa heri ndugu yangu, usirudi." Mama Mkasi akanipa ufunguo wa ziada. "Fundi paa anaanza wiki ijayo. Jumatano na Ijumaa utakuja kumsimamia, asiniibie mbao. Sikulipi, umeshakula uzi wangu."

Ijumaa, 2 Mei

Tumefunga. Siku nzima kitandani.

Jumamosi, 3 Mei

Kitandani. Mvua imekatika na kuta zimekuwa kimya mno. Saa nne Pasi kapiga simu kunisimulia habari za kuku. Sikucheka, naye hakudai nicheke. "Umekaa?" akaniuliza. "Nimelala." "Basi kaa, nitapiga tena jioni." Jioni nikakaa, maana atapiga. Akapiga.

Jumapili, 4 Mei

Dada alipiga saa ile ile.

"Habari za huko, mdogo wangu?"

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha Mama, ambacho sijakikalia tangu aondoke. Nikashika ukingo wake.

"Si nzuri, dada."

Nilidhani simu imekatika. Nikaanza kutafuta namna ya kulirudisha lile neno, niseme ni mafua, ni kifua.

"Hata za huku si nzuri," akasema Dada. Sauti yake haikuwa ile ya Jumapili. "Nimechoka, mdogo wangu. Kila jioni ikifika saa yako ya kutoka kazini, Mama anakwenda kusimama mlangoni. Anataka mlango uwe wazi. Anauliza umesharudi. Namwambia unakaa kwako, anasema ndiyo, na saa hizi amechelewa, kuna mvua. Siku nilizomwambia ni wewe kwenye simu alikusanya nguo zake akataka kuondoka usiku. Ndiyo maana nakwambia amelala. Niliona wewe umeshatulia, nikasema nisikubebeshe."

"Mimi nimetulia?"

"Si kila siku unasema nzuri!"

Machozi yalikuwa yananitoka, yanashuka mpaka shingoni, na nilikuwa nahisi kila moja linapita wapi.

"Nipe Mama," nikasema.

"Atataka kuja."

"Nipe tu. Jumamosi nitakuja kulala huko. Kila Jumamosi, mpaka tutakapojua la kufanya. Nipe."

Nikasikia viatu vyake vikiburuzwa sakafuni, na Dada akimwelekeza simu ishikwe vipi. Halafu pumzi yake.

"Umerudi?" akauliza Mama.

"Nimerudi, Mama."

"Mbona umechelewa hivi?"

"Kazi ilikuwa nyingi."

"Umekula?"

Nikatazama jikoni. Sufuria imefunikwa kifudifudi toka sijui lini.

"Bado."

"Haya, kula kwanza," akasema. "Mimi nipo."

Nimebandika maji. Naandika nikisubiri yachemke.